Jinsi ya kuomba LC benki ukiwa Tanga, na sehemu ya fomu ya kutulia nayo

Wakuu, naona wengi hapa Tanga siku hizi wanaagiza wenyewe mashine za kukamua machungwa, vipuri vya korona (mashine za kuchakata majani ya mkonge) na vinginevyo, halafu malipo wanafanya kwa TT (kutuma hela moja kwa moja benki kwa benki), asilimia 30 mwanzo na 70 wakishatumiwa picha ya kontena. Kwa hela ndogo sawa, ila kama ni hela ya kuuza kiwanja na muuzaji hujawahi kufanya naye biashara, bora upoteze chaji za benki ufungue LC.

LC (letter of credit) ni ahadi ya benki yako kwamba itamlipa muuzaji akileta makaratasi yaliyotajwa kwenye LC. Nimesema makaratasi. Benki haifungui kontena, na kanuni zinazotumika, UCP 600 za ICC (chama cha wafanyabiashara cha kimataifa) zilizoanza Julai 2007, zinasema wazi kwamba benki inashughulika na hati, haishughuliki na bidhaa. Kwa hiyo muuzaji akipakia mashine mbovu ila karatasi zake zimenyooka, analipwa na wewe unadaiwa.

Haya, unaanzaje. Mwambie muuzaji akutumie proforma (invoisi ya awali) yenye bei, bandari ya kupakia, tarehe ya mwisho ya kupakia na jina la benki yake. Nenda benki yenye akaunti yako na TIN, leseni ya biashara, usajili wa BRELA na hiyo proforma, sema unataka kufungua LC. Tawini watapokea, ila mara nyingi wanaoichakata wako makao makuu Dar, hivyo usiende wiki ambayo muuzaji anataka kupakia. Watakuuliza hela. Kama huna limiti ya mkopo, watazuia pesa yote au sehemu kubwa kwenye akaunti, kama unayo watadai dhamana, hati ya nyumba na mambo hayo. Kama unataka muda wa kuuza kwanza omba LC ya malipo ya baadaye, mfano siku 90 baada ya tarehe ya BL (bill of lading, hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli), ila muuzaji akubali, na usishangae akiongeza bei.

Sasa fomu. Jina, anuani, kiasi, hivyo copy kama vilivyo kwenye proforma, herufi kwa herufi. Kwenye maelezo ya bidhaa usiandike gazeti, weka jina la bidhaa, idadi na namba ya proforma basi. Bandari ya kushushia andika Tanga kama ndiko unakotaka mzigo, maana siku hizi meli zinafunga gatini, sio kama zamani mzigo unashushwa nangani kwa matishari, na ukiacha iandikwe Dar utakuja kulipa lori bure. Kubadilisha meli njiani ruhusu.

Sehemu ya hati zinazotakiwa ndo ya kukaa nayo, ikibidi rudi nayo nyumbani. BL, invoisi, orodha ya mzigo na cheti cha asili kila mtu anaweka. Wewe ongeza cheti cha ukaguzi kutoka kampuni huru ya ukaguzi, uitaje jina, na useme kithibitishe mashine imewashwa na kufanya kazi kabla ya kupakiwa, maana cheti kinachosema tu "imekaguliwa" hakikusaidii kitu. Kama bidhaa yako iko kwenye zile za TBS za kukaguliwa huko huko nje, weka na CoC (cheti cha kwamba bidhaa imekidhi viwango). Bima kata hapa nyumbani, mizigo inayoingia nchini ndivyo inavyotakiwa, kwa hiyo nunua kwa FOB (bei mpaka mzigo upakiwe melini) au CFR (bei pamoja na nauli ya meli), sio CIF (bei yenye nauli na bima ndani), usije ukalipia bima mara mbili.

Kabla LC haijatumwa kwa SWIFT (mtandao wa mawasiliano wa mabenki) omba drafti, mtumie muuzaji aisome. Hapo usione aibu kusumbua watu, kwa sababu LC chini ya UCP 600 haifutiki wala haibadilishwi bila muuzaji kukubali, na kila marekebisho yana chaji.

Akishapakia, muuzaji ana siku 21 za kuwasilisha hati, kama LC haikusema vingine, na benki ina siku 5 za kazi kuzikagua. Zikiwa na kasoro benki itakupigia kuuliza kama unazikubali. Watu wengi wanasema ndio fasta fasta, kumbe hapo ndo pa kuombea punguzo au kukataa kabisa.

Zikiwa safi unalipa, benki inagonga mhuri nyuma ya BL unampa wakala wa forodha afungue TANSAD (fomu ya tamko la forodha). Meli ikitangulia kufika kabla ya hati, unaweza kuomba benki ikupe barua ya dhamana kwa kampuni ya meli utoe mzigo usile stoo (gharama za kuhifadhi mzigo bandarini), ila ukishaisaini huwezi tena kukataa hati hata zije na makosa, kwa hiyo piga hesabu ya stoo kwanza.