Fremu ya chuma huoza kwa ndani

Ukitengenezewa fremu ya baiskeli na fundi hapa Moshi, mwombe atoboe tundu dogo, milimita 4 hivi, chini kabisa pale ekseli ya pedeli inapopita. Maji ya mvua huingia kupitia bomba la siti, yanashuka, yanatuama hapo. Nje rangi inang'aa, ndani kutu inakula. Yangu ya kwanza, niliyoipandisha Kibosho masika yote, ilikatika hapo hapo.

Rangi ikikauka, kabla ya kufunga vifaa, mimina oili ya injini kidogo ndani, igeuzegeuze fremu ipite kila bomba, kisha iache usiku kucha ichuruzike juu ya boksi kuukuu. Usiimimine mapema, kabla ya kuchomelea na kupaka rangi: rangi haishiki kwenye oili, na kuchomelea bomba lenye oili ni kutafuta moto. Ukiosha baiskeli, zibua lile tundu kwa spoki. Matope ya huku hayachelewi kuliziba.

Chuma cha siti nacho kipake grisi kabla ya kukichomeka, la sivyo siku ukitaka kukishusha utaita vijana wawili na nyundo.