Japani kwa treni, enzi kwa enzi: somo kwa wanaosafiri kwa kundi

Wengi huanzia Tokyo kwa sababu ndilo jina wanalolijua. Kwa kundi linalotafuta historia, huko ni kusoma kitabu kuanzia ukurasa wa mwisho. Watu wangu huwashushia uwanja wa Kansai, karibu na Osaka. Tunaweka maskani Kyoto kwa usiku sita, halafu Tokyo ndiko tunakoagia. Sikodi basi, na kundi halizidi watu wanane, maana zaidi ya hapo kila lango la stesheni linageuka foleni.

Hatua ya 1: Pigeni hesabu kabla ya kununua pasi

Pasi ya reli ya siku 7 ilipanda Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Kyoto hadi Hiroshima kwa Shinkansen, treni ya mwendo kasi, kwenda na kurudi, ni kama yeni 23,000. Kyoto hadi Tokyo kama 14,000. Ukiongeza treni ya kutoka uwanjani, Nara na Himeji, bado hufikishi 50,000. Sisi hukata tiketi moja moja.

Hatua ya 2: Kila mtu na kadi yake

Kwa treni za mjini nunueni ICOCA, kadi ya kulipia nauli: yeni 2,000, ambazo 500 ni amana. Unaigusisha langoni ukiingia, na tena ukitoka, kwa hiyo mume na mke hawawezi kutumia moja.

Hatua ya 3: Kubalianeni saa

Msicheke. Ukiandika "tukutane saa 3" kwenye kundi, mwingine atasoma 15:00. Andikeni kama ubao wa stesheni: 09:00.

Hatua ya 4: Fuateni enzi

Anzeni Nara, mji mkuu tangu 710 hadi 784. Shukeni stesheni ya Kintetsu, ndiyo iliyo karibu na bustani. Buddha wa shaba wa hekalu la Todai-ji ana urefu wa kama mita 15, na sherehe ya kumfungua macho, yaani kuizindua sanamu, ilifanyika 752. Kulungu watawapekua mifuko; tiketi za karatasi zifichwe.

Siku ya pili wageni wengi huiruka, nami siiruki: Azuchi, karibu saa moja kutoka Kyoto. Hapo Oda Nobunaga, mbabe wa vita aliyeanza kuiunganisha Japani, alianza kujenga ngome yake mwaka 1576. Iliteketea 1582, zikabaki ngazi za mawe kupanda mlimani. Tazameni mnapokanyaga: baadhi ya mawe yana sanamu za Buddha zilizochongwa, yaliyookotwa na kupangwa kama matofali tu. Jioni rudini Kyoto hadi hekalu la Honno-ji, karibu na stesheni ya Kyoto Shiyakusho-mae. Lilihamishwa baadaye, ila jina ni lile la mahali Nobunaga alipofia 1582. Pamoja naye siku hiyo alikuwepo Yasuke, Mwafrika aliyefika Japani 1579 na mapadri Wajesuiti. Padri mmoja, François Solier, aliandika 1627 kuwa alitoka Msumbiji. Walipokutana Kyoto, Nobunaga hakuamini rangi ile, akaamuru asuguliwe. Hapo kundi langu huwa linanyamaza, kisha maswali yanaanza yote kwa pamoja.

Baada ya hapo, Ngome ya Nijo, iliyojengwa 1603 kwa amri ya Tokugawa Ieyasu, shogun (mtawala wa kijeshi) wa kwanza wa ukoo wake. Mbao za sakafu hulia kama ndege ukizikanyaga. Mwaka 1867 ni humo shogun wa mwisho alipotangaza kurudisha madaraka kwa mfalme. Ngome ya Himeji inafuata, kisha Hiroshima, ambako bomu la atomiki lililipuka tarehe 6 Agosti 1945, saa 2 na robo asubuhi. Nendeni kwenye Kuba, gofu la jengo lililobaki baada ya bomu, kwa tramu: siku tatu tu baada ya bomu, sehemu ya njia hizo ilikuwa imeanza tena kubeba watu.

Maswali ya wanachama

*Mama yangu magoti yanamsumbua. Ataweza?*

Nara na Nijo, ndiyo. Himeji abaki uani. Mnara una ngazi kali na mnapanda bila viatu. Azuchi apumzike hotelini.

*Chakula na sala ya Ijumaa?*

Supu nyingi za tambi hupikwa kwa mifupa ya nguruwe, na pombe ya mchele huingia kwenye michuzi, basi ulizeni hata kwa samaki. Ijumaa pangeni kwenda Himeji na mshuke njiani Sannomiya: Msikiti wa Kobe, wa kwanza Japani, ulifunguliwa 1935 na umenusurika mabomu ya 1945 na tetemeko la 1995.

*Masanduku makubwa?*

Yatumeni kwa kampuni za vifurushi, hoteli hadi hoteli. Kwa kawaida hufika kesho yake. Mkononi baki na nguo za usiku mmoja.

*Mtu akiachwa na treni?*

Waliopanda washuke kituo kinachofuata wasubiri. Aliyebaki apande inayofuata, lakini asome kwanza kama ni ya kila kituo. Mimi mwenyewe niliwapakia watu saba treni ya haraka tukielekea hekalu la Fushimi Inari, ambalo kituo chake ni cha pili tu kutoka Kyoto. Tukaliona lango jekundu la hekalu likipita dirishani, shangazi mmoja akalipungia mkono. Tulishukia kituo cha mbele, Rokujizo.