Mapinduzi ya Urusi: Fuata Ardhi ya Mkulima
Unapofundisha mapinduzi ya Kikomunisti ya Urusi, usianzie kwenye nadharia za Marx. Mpe mwanafunzi kipande kimoja cha shamba akifuatilie. Amri ya Ardhi ya mwaka 1917 iliwapa wakulima mashamba ya makabaila, kisha serikali ikawanyang'anya nafaka wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ikalegeza kamba mwaka 1921 kwa kuwaruhusu kuuza ziada, na kuanzia 1929 Stalin, kiongozi wa nchi, akawasukuma kwa nguvu kwenye mashamba ya pamoja, hatua iliyochangia njaa ya 1932–1933 iliyoua mamilioni, hasa Ukraine na Kazakhstan. Kila hatua, muulize: mkulima huyu anamiliki nini sasa? (Jiandae pia kueleza kwa nini mapinduzi haya ya 1917, yaitwayo Mapinduzi ya Oktoba, huadhimishwa tarehe 7 Novemba: Urusi ilikuwa bado inatumia kalenda ya zamani iliyokuwa nyuma, na kwa kalenda hiyo siku ile ilikuwa bado Oktoba.)