Usikubali meza ya wanne: namna ya kuchagua utakula na nani kwenye meli ya kitalii

Jioni ya kwanza ya safari yetu ya kwanza, mhudumu alituketisha kwenye meza ya watu wanne. Mbele yetu walikuwa mume na mke ambao hatukuwahi kuwaona. Supu haijapoa, nilishajua kwamba yule bwana alifanyiwa upasuaji wa goti. Kitindamlo kilipofika nilijua kovu lina urefu gani, vidonge gani vilimkataa, na kwamba goti la pili nalo limeanza. Safari ilikuwa ya siku saba.

Tangu hapo nimepanda meli mara tano zaidi, tatu na mume wangu na mbili peke yangu. Swali ninaloulizwa na wanaotaka kusafiri ni lilelile: tukae na wageni au tuombe meza yetu wenyewe? Nami huwajibu kwa swali: meza ya watu wangapi? Hesabu ya viti ina uzito kuliko suala la wageni.

Kwanza, jua meli yako inalisha vipi

Zipo meli za zamu na zipo zisizo na zamu. Kwenye zamu unapewa saa na namba ya meza, na vyote viwili ni vyako mpaka safari iishe, pamoja na wahudumu walewale na majirani walewale. Zamu ya kwanza huanza kati ya saa 11:30 na saa 12:00 jioni. Ya pili ni saa 2:00 au 2:30 usiku. Huu ndio mtindo wa zamani, na zamani ulikuwa mkali zaidi: abiria walipangwa kwenye meza ndefu, viti vimefungwa sakafuni ili mawimbi yasiwabebe pamoja navyo. Mgahawa wa kuagiza unachotaka kwa saa yako na kulipia mbali uliingia baharini mwaka 1905 kwenye meli ya Kijerumani iliyoitwa Amerika. Titanic nayo, mwaka 1912, ilikuwa na wa kwake kwa abiria wa daraja la kwanza. Kwa hiyo anayedhani kutaka kula mbali na watu ni maringo ya siku hizi, amechelewa zaidi ya miaka mia.

Mwaka 2000 kampuni ya meli za kitalii ya Norwegian Cruise Line ilianza kuwaacha abiria wale saa watakayo, mahali watakapo, bila meza maalumu. Wengine wakafuata kwa namna zao. Royal Caribbean na Carnival hukupa uchague: zamu, au kwenda unapopenda. Oceania na Viking hawana zamu kabisa. Disney huwazungusha abiria kwenye migahawa mitatu, na wahudumu huhama nao. Cunard bado hutenga ukumbi kwa kufuata chumba ulicholipia, na wa vyumba vya Grill, vile vya daraja la juu, wana meza yao inayowangoja jioni nzima.

Haya yachague siku ya kulipia safari. Siku ya kupanda meli utakuwa unagombania mabaki.

Hesabu ya viti

Meza ya wawili haina faragha kama jina lake linavyodai. Kwenye ukumbi mkuu meza hizi hupangwa mstari mmoja, na baina ya yako na ya jirani mhudumu hupita kwa ubavu. Mara moja mimi na mume wangu tulikula siku kumi na mbili kando ya wenzi waliokuwa wakisherehekea miaka ya ndoa yao kwa kununiana. Hatukuwa nao, lakini tulisikia kila kitu, na hatukuwa na ruhusa ya kusema neno. Afadhali ungekuwa meza moja nao, ungewapozesha kwa hadithi.

Meza ya wanne ndiyo mtego. Mkiwa wenzi wawili kwa wenzi wawili, hakuna pa kukimbilia. Mmoja akiwa msemaji, watatu ni wasikilizaji. Wote wakiwa wakimya, utasikia uma ukigonga sahani. Na wale wengine wasipotokea siku moja, mnakaa mkitazama viti viwili vitupu na kujiuliza mmewakosea nini.

Sita ni nzuri. Nane ndiyo ninayoomba. Kwenye meza ya wanane mazungumzo hugawanyika yenyewe, mara mawili, mara matatu, na mtu wa magoti hupata mwenzake wa magoti wakaliwazana. Wawili wasipokuja hakuna anayestuka. Kumi ni nyingi mno, hasa kwenye meza ya duara: katikati panakuwa uwanja, na kwa kelele za ukumbi utaongea na jirani wa kulia na wa kushoto tu.

Kwenye fomu ya kulipia kuna mahali pa kujaza ukubwa wa meza. Watu hupita hapo upesi. Jaza "kubwa". Kisha siku ya kupanda, angalia ratiba ya siku au programu ya meli kwenye simu uone mkuu wa ukumbi wa chakula anapokea maombi wapi na saa ngapi, kwa kawaida mchana ule ule. Nenda ukahakikishe. Mtembelee ukumbini mlango ukiwa wazi, uione meza yako kwa macho: iko karibu na mlango wa jikoni? Iko chini ya kinywa cha kiyoyozi? Nyuma ya nguzo?

Kiti chenyewe

Mimi natumia mkono wa kushoto. Nikikaa katikati, kiwiko changu na cha jirani vitapigana mpaka kahawa. Mume wangu anasikia vizuri sikio la kushoto peke yake. Miaka mingi tulikuwa tunakaa ubavu kwa ubavu, yeye anaitikia asichosikia, mimi nakata nyama kama mtu aliyefungwa kamba.

Kwenye meza ya pembe nne dawa yake ni rahisi. Mimi nakaa mwisho wa upande mmoja, mkono wa kushoto ukiwa huru hewani. Yeye anakaa mbele yangu, upande wa pili, ncha ileile. Kwa vile tumetazamana, kushoto kwangu ni kulia kwake, kwa hiyo sikio lake zima linaelekea meza yote. Tulipokaa hivyo mara ya kwanza aliniambia tukiwa njiani kurudi chumbani, "Mke wangu, kumbe watu hawa wana vichekesho."

Fika mapema jioni ya kwanza kwa ajili ya hilo tu. Popote watu watakapokaa siku ya kwanza, ndipo watakapokaa mpaka mwisho, na kumwondoa mtu kwenye kiti alichokwisha kukizoea ni kazi ya ubalozi.

Jioni ya kwanza

Saa ya zamu iheshimu. Jikoni hutoa chakula cha meza nzima kwa mpigo, kwa hiyo ukichelewa dakika ishirini, watu saba wanakutazamia na mikate imekwisha. Kama una miko au mzio, mwambie mhudumu kwa sauti ya chini. Meli nyingi atakuletea karatasi ya vyakula vya kesho mwisho wa mlo, uchague mapema, na hakuna haja ya kuwasimulia majirani tumbo lako. Vinywaji kila mtu huandikiwa kwenye kadi yake ya chumba. Ukinunua chupa usiimalize, mhudumu ataiandika namba ya chumba chako na kuirudisha kesho. Hulazimiki kuimimina meza nzima, ijapokuwa kumimina siku ya kwanza hulainisha mambo.

Swali linalofungua watu ni la bandarini: leo mlishuka? Mliona nini? Kila mtu ana jibu, na jibu linabadilika kila siku. Swali ambalo halifai kabisa ni "ninyi mlilipa kiasi gani?" Nauli za meli hupanda na kushuka kwa kufuata siku uliyonunua, na vyumba viwili vinavyofanana kama mapacha huweza kuwa na bei mbalimbali kabisa. Nimeona meza ya watu sita iliyokuwa ikicheka ikazizima kwa swali hilo moja. Yule aliyelipa zaidi hakuagiza hata kitindamlo.

Kujitoa bila kuumiza mtu

Sasa nikurudishe kwa yule bwana wa goti, maana nilifanya kosa ambalo sitaki ulirudie.

Siku ya tatu tulikimbilia kwenye bufee. Tulipokutana na mkewe kwenye lifti, nikasema mume wangu anaumwa tumbo. Mama wa watu, kwa wema wake, akamwambia mhudumu. Mhudumu, kwa kazi yake, akatoa taarifa. Saa 3:00 usiku simu ya chumbani ikalia. Ni muuguzi wa meli: ametapika mara ngapi? Ameharisha? Amekula wapi mchana? Mume wangu alikuwa kitandani na sahani ya keki kifuani, ananitazama. Ndani ya meli tumbo si la mzaha, kwa sababu virusi vya norovirus hukimbia kutoka mkono hadi mkono, na mwenye dalili huweza kufungiwa chumbani siku kadhaa. Ilinibidi nikiri kwa mtu nisiyemjua kwamba nilikuwa namkwepa mtu mwingine. Akacheka, akasema si wa kwanza.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda kwa mkuu wa ukumbi baada ya mlo wa kwanza au asubuhi yake, usingoje siku ya tatu, maana meza huzoeana na nafasi huisha. Usimwambie hayo mezani wala mbele ya mhudumu wako, ambaye ataona kosa ni lake. Sema: "Tungependa meza kubwa zaidi," au "ndogo zaidi," basi. Hatakuuliza sababu, ombi hilo hulisikia kila safari. Ukikutana na majirani wa zamani, na utakutana nao, kwenye ngazi, kwenye bwawa, kwenye foleni ya kushuka, sema kweli fupi: tumeomba meza nyingine, habari za leo? Watu wazima wanaelewa. Wengine wanashukuru, maana nao walikuwa wamechoka na wewe.

Ukitaka kweli kuwa peke yenu

Usitegemee meza ya wawili ya ukumbi mkuu. Nenda migahawa midogo ya kulipia nyongeza, ambako meza zimeachana. Weka nafasi mapema na uombe ya dirishani. Au agiza chakula chumbani, hasa kama mna roshani. Bufee baada ya saa 2:00 usiku kwenye meli nyingi huwa kimya kama maktaba, na unaweza kula ukitazama bahari nyeusi bila mtu kukuuliza umetoka wapi.

Kwenye meli isiyo na zamu, wimbi kubwa huwa karibu saa 1:00 usiku. Nenda mlango unapofunguliwa, au baada ya onyesho la mapema. Ukiona foleni na huna haraka ya faragha, mwambie wa mlangoni kwamba mko tayari kuketi na wengine. Mara nyingi mtaingia kabla ya wale wanaosubiri meza ya wawili. Na ukimpenda mhudumu fulani, jua sehemu yake ya ukumbi na uiombe kila jioni.

Ukiwa peke yako

Safari zangu mbili za peke yangu niliogopa chakula cha jioni kuliko dhoruba. Kumbe meli nyingi hutenga meza ya wasafiri wa pekee, mara nyingine na mfanyakazi wa meli kama mwenyeji, lakini hakuna atakayekubebea habari hiyo. Uliza siku ya kwanza. Norwegian Epic, iliyoanza kazi mwaka 2010, ilikuja na vyumba vidogo vya mtu mmoja na sebule ya pamoja kwa ajili yao, na watu hukusanyika hapo jioni na kwenda kula kundi. Meza ya namna hiyo ina raha yake: hakuna mke wala mume wa kumkatiza mtu hadithi akisema sivyo ilivyokuwa.

Siku hizi sisi wawili tunachukua zamu ya pili, meza ya wanane, na usiku mmoja au miwili tunatoroka kula peke yetu. Usiku huo tunautangaza jana yake, kwa mhudumu na kwa majirani, ili chakula kisicheleweshwe kwa kutungoja. Kesho yake wanatuuliza kulikuwaje, na sisi tunawauliza walisemaje nyuma yetu.

Jambo dogo la mwisho, kwa walio zamu ya pili. Usiku wa kuamkia siku ya kushuka, mabegi hutakiwa nje ya mlango wa chumba kabla ya usiku wa manane au karibu na hapo, na nusu ya meza hunyanyuka kahawa haijaletwa ili wakafunge. Funga ya kwako alasiri, ubakize nguo ya asubuhi na mswaki. Safari ya mwisho tulibaki watano mezani mpaka wahudumu wakaanza kutandua vitambaa vya meza za jirani.