Paka kaziba mkojo na pesa huna: jinsi ya kuikabili bili ya daktari wa mifugo

Paka dume akiingia kwenye mchanga wake mara kwa mara, akachuchumaa, akajikaza na kulia, na mchanga ukabaki mkavu, mkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Usingoje kukuche, usingoje mshahara. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba mno. Ukizibwa na vijiwe au ute, mkojo unarudi nyuma, figo zinazidiwa, potasiamu inapanda kwenye damu na moyo unaanza kupiga ovyo. Ndani ya siku moja au mbili anaweza kufa. Naanza na hili kwa sababu hakuna kinachopandisha bili kama kuchelewa. Paka anayefika bado anatembea anahitaji kuzibuliwa, dripu na uangalizi. Anayefika amelegea na mwili wa baridi anahitaji hayo yote na siku nyingi zaidi za kulazwa, na hata hivyo wengine hawaponi.

Mimi ni fundi cherehani, nina fremu yangu Tandika, Dar es Salaam. Paka wangu anaitwa Shombo, dume la rangi ya machungwa, alizaliwa chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa na hajawahi kuhama hapo. Alipoziba ilikuwa wiki ya kulipa kodi ya fremu. Kliniki walinipa makadirio ya shilingi 390,000 na mkononi nilikuwa na 70,000. Shombo yuko hai, deni limekwisha, na kodi ililipwa. Nitaeleza ilivyowezekana, kwa sababu tangu hapo majirani wamekuwa wakiniletea maswali yaleyale, wa paka na wa mbwa.

Jambo la kwanza ni kusema pesa uliyonayo kabla mnyama hajaguswa. Watu wengi hapa wanaona aibu. Wananyamaza, wanaitikia kila kipimo, halafu mabishano yanaanza kwenye dirisha la malipo, wakati dawa zimeshatumika na daktari naye alizinunua kwa pesa yake. Mimi nilisema hivi, na wewe waweza kuyachukua maneno haya kama yalivyo: "Daktari, huyu nampenda na nataka apone. Sasa hivi nina elfu sabini, na kufikia jioni naweza kufikisha laki na nusu. Naomba uniandikie kila kitu na bei yake, kisha unioneshe kipi kisipofanyika leo atakufa na kipi kinaweza kusubiri." Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, wa rika la mwanangu. Akavuta karatasi, akaandika bila kununa.

Karatasi ile ilikuwa na mambo saba. Kumwona daktari, 20,000. Dawa ya usingizi, kumzibua na kumwekea mpira wa mkojo, 120,000. Kulazwa na dripu siku mbili, 80,000. Kipimo cha damu, 50,000. Kipimo cha mkojo, 20,000. Ultrasaundi ya kibofu, 60,000. Sindano na dawa za kwenda nazo nyumbani, 40,000. Hizo ni bei za kliniki ile siku ile. Yako inaweza kuwa juu au chini, ila mgawanyo utafanana.

Tulikaa na karatasi hiyo mimi na daktari, tukaipitia mstari kwa mstari. Ultrasaundi ikasogezwa, kwa sababu kibofu kilikuwa kimejaa na kigumu hata kwa kukigusa, na kilichomziba kingeonekana pale atakapoanza kuzibuliwa. Dawa za vidonge tukazitoa kwenye bili, akaniandikia cheti nikanunue mwenyewe duka la dawa. Dawa nyingi wanazoandikiwa paka na mbwa ni zilezile za binadamu kwa kipimo kingine, na ukiomba jina la dawa yenyewe badala ya jina la kampuni unaweza kupata kwa bei ya chini sana. Hapo 60,000 na 25,000 zikaondoka, bili ikabaki 305,000.

Kipimo cha damu sikukigusa, na nakusihi nawe usikiguse. Ndicho kinachomwonesha daktari kama potasiamu imepanda kiasi cha kufanya usingizi uwe hatari, na figo zimeumia kiasi gani. Kulazwa nako sikukupunguza. Paka aliyezibuliwa hukojoa kwa wingi kuliko kawaida na kukaukiwa maji haraka, na mpira ukitolewa mapema anaweza kuziba tena usiku huohuo. Mtu anayemchukua paka siku hiyohiyo ili aokoe elfu arobaini anaweza kujikuta analipa upya ile laki na ishirini.

Kuhusu kulipa kwa awamu, usiulize kwa ujumla kama wanakubali mkopo. Utajibiwa hapana. Peleka pendekezo lenye tarakimu na tarehe. Mimi niliomba kulipa 155,000 kabla ya kumchukua na 150,000 iliyobaki kwa awamu tatu za elfu hamsini, kila Jumamosi. Tukaandika, tukasaini wote wawili, nikaacha namba ya mdhamini na nakala ya kitambulisho. Nakala, si kitambulisho chenyewe. Kila Jumamosi nilituma pesa asubuhi kabla sijafungua fremu, na ujumbe wa malipo nikaupeleka kwa daktari papohapo. Ukichelewa, piga simu wewe kwanza. Daktari huyohuyo utamhitaji tena, na atakayekuja na mbwa wake kesho bila hela kamili atapimwa kwa jinsi wewe ulivyolipa.

Sasa pesa yenyewe inatoka wapi?

Kabla ya kukopa, kusanya unachodai. Kila mwenye biashara ndogo ana madeni ya watu yamelala. Mimi nina wateja ambao nguo zao zimekamilika, zimekunjwa, zinasubiri bakaa. Niliwapigia wawili, nikawaambia ukweli kwamba nina mgonjwa na nahitaji pesa leo. Nilipata 45,000 kabla ya adhuhuri. Kama una kazi iliyoagizwa, omba kianzio. Ni pesa yako, unaipokea mapema tu.

Kwa ndugu, usitupe ombi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Humo ombi la paka litakutana na mchango wa harusi na wa msiba, na mtu mmoja akikejeli wengine wote watanyamaza. Chagua mtu mmoja mmoja, mtumie picha ya makadirio yenye muhuri wa kliniki, taja kiasi kamili na siku utakayorudisha. Dada yangu alinipa 40,000 kwa namna hiyo. Kaka yetu mkubwa alisema paka wengine wanaokotwa bure sokoni. Sikubishana naye. Kaka akishasema, mimi husema tu "nimekuelewa kaka" na kuendelea na ninachoamini. Lakini kwa wewe unayesoma na kusikia maneno hayohayo nyumbani kwako, nitasema ninavyoona: mnyama uliyemfungia mlango asitoke kujitafutia, ukamzoesha mkono wako, haki yake iko juu yako. Hadithi ya yule mwanamke aliyemfungia paka bila chakula mpaka akafa, naye akaadhibiwa kwa ajili yake, tumeisikia tangu madrasa.

Kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, kinaweza kusaidia kama kina mkopo wa dharura. Eleza sababu yako waziwazi, usiseme mtoto anaumwa. Kikundi chetu kilinipa, mwenyekiti akiwa wa kwanza kuinua mkono, kwa sababu rekodi yangu ya marejesho ilikuwa safi. Huo ndio mkopo uliobeba sehemu ya zile awamu.

Kausha damu, ile mikopo ya haraka ya mtaani yenye riba ya kunyonya, usiguse. Najua jinsi wakopeshaji hao wanavyokuja wakati umechanganyikiwa, fomu kiganjani, pesa ndani ya nusu saa. Nimeona cherehani na friji za watu zikibebwa mtaani kwetu kwa madeni yaliyoanza na laki moja. Programu za simu zinazokopesha bila leseni ni walewale kwa sura nyingine. Zinachukua namba za watu wako na kuwatangazia deni lako. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu za aina hiyo zisizo na leseni na kuzipiga marufuku. Mpende mnyama wako, lakini usiweke rehani chombo kinachowalisha nyote wawili.

Kama mnyama hayuko katika hatari ya saa chache, una muda wa kulinganisha bei. Piga simu kliniki mbili au tatu, ukiuliza jambo lilelile kwa maneno yaleyale. Aliye Morogoro na jirani zake ana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako wanafunzi wa udaktari wa mifugo hujifunza kazi mbele ya walimu wao. Kwa wasomaji wa Nairobi, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki yake Kabete, na kule Karen kuna KSPCA, chama cha kutetea wanyama. Daktari wa kuja nyumbani naye ana faida yake kwa chanjo na minyoo, ila kwa paka aliyeziba anakupotezea muda, kwa sababu vifaa viko kliniki. Na yeyote anayekuja, muulize kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Si kila anayeuza dawa dukani ni daktari.

Hapa lazima niseme juu ya Panadol. Ukimwona paka analia kwa maumivu na mfukoni hakuna kitu, mkono unakwenda kwenye kidonge cha nyumbani. Paka hana uwezo wa kuivunja parasetamoli, dawa iliyomo kwenye Panadol, mwilini mwake kama sisi. Kidonge kimoja kinatosha kumuua, ufizi unageuka rangi ya udongo na damu inashindwa kubeba hewa. Diklofenaki na aibuprofeni nazo ni sumu kwake na kwa mbwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe usimpake paka, na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini usimpake kabisa. Wanyama wengi hufikishwa kliniki na ugonjwa mmoja uliokuwa na bei yake, pamoja na sumu iliyoongeza bei mara mbili.

Muulize pia daktari swali gumu mapema: ana nafasi gani ya kupona, na je, hili litarudi? Mimi niliambiwa bila kufichwa kwamba paka aliyeziba mara moja anaweza kuziba tena. Jibu hilo lina thamani kuliko punguzo lolote, kwa kuwa linakuambia uweke akiba gani. Kuna wanyama ambao jibu lao ni kwamba hawatapona, na pesa itanunua siku chache za maumivu. Hapo kumpa sindano ya kumpumzisha si kumtelekeza. Kaa naye wakati anadungwa, akusikie sauti.

Baada ya Shombo kurudi nilibadilisha sahani yake. Alikuwa mtu wa dagaa wakavu kutwa nzima na maji anayapita. Sasa namchemshia samaki, bila chumvi na bila kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa paka na mbwa, na ule mchuzi wake anaunywa wote. Maji nayaweka sehemu tatu za fremu, mbali na mchanga wake. Paka anayekojoa sana mkojo mwepesi ana hatari ndogo ya kuziba, na mchuzi huo haunigharimu chochote cha ziada.

Kwa wenye mbwa, bili kubwa za ghafla ninazozisikia kwa majirani ni mbili: parvo, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara damu, kwa watoto wa mbwa, na homa za kupe. Parvo ina chanjo, huanza mtoto akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Anayechanja mara moja akaacha, kinga haijakamilika. Kupe wakague kwa mikono kila jioni, masikioni na katikati ya vidole. Chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo ni ya mbwa na paka pia, ulizia ofisi ya mifugo ya kata yako. Kampeni za bure au za bei ndogo mara nyingi hufanyika kuzunguka tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Akiba yenyewe nimeiweka hivi. Kila siku nikifunga fremu, shilingi 500 inaingia kwenye laini ya pili ya simu, laini ambayo hakuna mteja anayeijua. Kwa mwaka ni 182,500. Haitoshi bili nzima kama ile ya kwanza, lakini inatosha ile sehemu ya kulipa kabla ya kumchukua, na mwenye sehemu hiyo mkononi ndiye anayesikilizwa anapoomba awamu. Nikipata kazi kubwa ya sare za harusi naongeza elfu tano.

Na kwenye ukuta wa fremu, karibu na cherehani, nimebandika karatasi: namba ya daktari wa mchana, namba ya kliniki inayopokea usiku, uzito wa Shombo, tarehe za chanjo zake, dawa alizopewa na kipimo chake, na jina la dereva wa bajaji anayekubali kubeba mnyama kwenye tenga. Msichana anayenisaidia kushona anaijua, na pesa ya nauli ya bajaji iko kwenye bahasha nyuma yake.