Mtaa wenu wa maduka na bajeti ya kaunti: njia niliyopita mimi

Nauza leso na madera katika mtaa wa soko, mji mdogo wa pwani ya Kenya. Kutoka kwa muuza kahawa hadi kona ya msikiti ni hatua 310, nimezihesabu mwenyewe. Kila masika nilikuwa naziba mlango kwa mifuko ya mchanga. Sasa pana kabro, yale matofali ya kutandika njia, mtaro wenye vifuniko na taa sita. Kazi hiyo ilichukua miaka minne, na miwili niliipoteza mimi mwenyewe kwa kubisha mlango usiokuwa wake.

Kwa hivyo kwanza ulizeni: barabara hii ni ya nani? Nilikuwa nimeshapeleka barua tatu kaunti, kijana mmoja akanionea huruma. "Mama, ile kubwa ni ya taifa. Yetu ni hii ya ndani." Duka langu liko pembeni, limeangalia zote mbili, na mimi nilikuwa nalilia ile kubwa. Barabara za taifa mijini nyingi ziko mikononi mwa KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Barabara za kaunti, taa zake na maegesho ni kazi ya kaunti, imeandikwa katika Jedwali la Nne la Katiba. Ukiuliza, uliza kwa barua, na nakala yake igongwe muhuri. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Tuliiacha ile kubwa, tukaishika ya ndani.

Pili, msianze kuota kabro. Anzeni na maji. Siku ya mvua kubwa tulitoka na chaki, tukachora ukutani maji yalipofika, tukapiga picha, kisha tukayafuata tuone yanaishia wapi. Tukagundua mtaro upo tangu zamani, umelala chini ya vibanda, umejaa mchanga na chupa, na mdomo wake umezibwa kabisa. Kabro ikitandikwa juu ya hali hiyo, maji yanakula mchanga wa chini, na mwaka wa pili unatembea juu ya mawimbi. Ombi letu likaandikwa kwa mpangilio huo: mtaro, msingi, kingo, kabro, mwisho taa.

Hesabuni watu pia. Jumamosi moja wanafunzi wawili walikaa kibarazani kwangu kuanzia saa nne hadi saa tano asubuhi na daftari: watu 640 kwa miguu, mikokoteni 31, magari 22. Injinia wa kaunti alikuja na mchoro wa barabara pana ya magari. Alipoona karatasi ile alinyamaza kidogo, akaanza kupanua njia ya miguu. Mnaweza pia kumkumbusha Luthuli Avenue ya Nairobi, iliyopunguziwa magari mwaka 2019 ili wenye miguu wapate nafasi.

Wachuuzi waiteni mapema. Sisi tulichelewa, na mama wa mbaazi na mahamri alinisuta mbele ya watu, haki yake. Tulikubaliana mstari wa rangi ambao kibanda hakiuvuki, na kazi ifanywe upande mmoja kwanza ili biashara isife.

Sasa kalenda, ambayo ndiyo inayowaponza wengi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Lakini Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ule wanaouita ADP, unatakiwa kufika bunge la kaunti ifikapo Septemba 1, karibu miezi kumi kabla. Ukija na ombi lako Oktoba, umeshachelewa mwaka mzima. Nendeni Julai na Agosti, na karatasi moja tu: jina la mtaa, wadi, urefu, kazi zenyewe, makadirio ya gharama. Angalieni kama mtaa umo katika CIDP, mpango wa kaunti wa miaka mitano, ya 2023 hadi 2027. Kama haumo kwa jina, tafuteni kifungu cha kuboresha barabara za mji mjishikize hapo.

Usilale baada ya hapo. Taarifa ya sera ya fedha huwasilishwa ifikapo Februari 28, na humo ndimo kila idara inapimiwa kiwango chake cha pesa. Makadirio ya bajeti hufika bungeni ifikapo Aprili 30. Sisi Septemba tulikuwemo kwa jina. Nilipofungua kitabu cha Aprili, mtaa wetu umegeuka "barabara mbalimbali za wadi". Hapo pesa huweza kwenda popote! Tuliandika ombi rasmi kwa bunge, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaturuhusu, tukaweka sahihi 118, jina likarudi.

Kuhusu fedha zenyewe: sheria inataka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo, na hapo ndipo penu. Mji wenu ukiwa manispaa yenye bodi, muulizeni meneja habari za KUSP, mpango unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Tozo ya mafuta, shilingi 25 kwa lita tangu 2024, ni ya kutunza barabara zilizopo. CDF, ule mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, msihangaike nayo, ni ya kazi za serikali ya taifa. Sisi wenye maduka hatukuchangia kabro hata moja. Tunatoa shilingi 200 kila mwezi, vijana wawili wazoe mchanga mtaroni. Mweka hazina ni dada wa duka la dawa, kwa sababu hana shemeji mtaani.

Vijana wenu wajisajili mapema kwa zabuni: asilimia 30 zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Na kazi ikianza, ombeni nakala ya BQ, orodha ya vifaa na vipimo vya kazi, mshike futi. Njia ya miguu hutosha kabro ya unene wa milimita 60. Panapopita lori, 80. Siku ya pili upande wa malori ya soko ziliteremshwa za 60. "Ni kidole tu, mama," fundi akasema. Nikamwambia hicho kidole kimo kwenye BQ. Lori likapakia upya.

Sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiliwa hadi muda wa kasoro uishe, ule ambao bado ni juu yake kurekebisha kilichoharibika. Wetu unaisha mwezi ujao. Nimeshaandika sehemu tatu zilizobonyea, mbili ziko mbele ya wauza samaki, na barua naipeleka Jumatatu.