Kitanda au siti: ninavyotumia maili za ndege nikitokea Mwanza

Ukivuka na kivuko cha Kamanga kwenda upande wa Sengerema, hakuna anayegombania pa kukaa. Unasimama ukingoni na karanga zako mkononi, unaangalia mawe na maji, na kabla karanga hazijaisha umefika. Lakini ukiaga kwamba usiku unapanda MV Victoria kwenda Bukoba, swali la kwanza utakaloulizwa nyumbani ni, "Umepata kitanda?" Mtu wa Mwanza hafundishwi tofauti ya safari hizo mbili. Ninachotaka kueleza hapa ni namna ya kupeleka akili hiyohiyo kwenye maili za ndege, yaani zile pointi ambazo shirika hukupa ukisafiri nalo, nawe baadaye unazitumia kupata tiketi, kwa sababu nimeona wafanyabiashara wenzangu wakikusanya maili miaka mitatu, halafu wakazimaliza kwa dakika tano bila kupiga hesabu.

Mimi nina duka la vyombo vya nyumbani Makoroboi. Nafuata mzigo Guangzhou mara mbili kwa mwaka, na safari moja nilimpeleka mama Birmingham kwa mdogo wangu. Maili zangu zimetoka kwenye tiketi hizo, nimezilipia kwa jasho, kwa hiyo nazihesabu kama ninavyohesabu fedha za droo.

Nianze na kosa lililonifundisha. Safari yangu ya tatu nilikuwa na maili za kutosha, nikaona kwenye programu ya shirika kwamba daraja la biashara, lile ghali la mbele, lipo, nikabonyeza. Sikuangalia kipande kwa kipande. Kumbe safari ilikuwa na vipande viwili: cha kwanza kutoka Dar es Salaam hadi mji wa kuunganishia, muda wa saa tatu hivi, mchana kweupe; cha pili muda wa saa kumi, usiku mzima, hadi Guangzhou. Daraja la biashara lilikuwa kwenye kile cha mchana tu. Kile cha usiku kilikuwa daraja la kawaida, kimeandikwa kwa herufi ndogo chini ya tarehe, na maili zilikatwa kana kwamba ningelala njia nzima. Usiku ule nilikaa siti ya katikati, kati ya kaka mmoja mwenye mabega mapana na mama mwenye mtoto. Asubuhi raba nilizokuwa nimezivua hazikuingia miguuni. Nilishuka nimekanyaga visigino vya viatu, vidole vimevimba kama vya mjamzito, na siku hiyo sikuweza kwenda sokoni. Nililipa hoteli na mkalimani, nikalala.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya maili ngapi na kabla ya bei: chukua karatasi, andika kila kipande cha safari kwenye mstari wake. Pembeni andika kinachukua saa ngapi, kinaruka mchana au usiku, na ni ndege ya aina gani. Kipande cha Mwanza hadi Dar ni kama saa moja na nusu. Hicho usikipotezee maili kwa ajili ya daraja la juu hata kidogo. Ni Kamanga hiyo. Kipande cha muda wa saa tatu au nne mchana, vivyo hivyo. Kinachostahili kufikiriwa ni kile kinachokula usiku wako, na hasa kile ambacho kesho yake una kazi.

Aina ya ndege nayo usiidharau. Jina "daraja la biashara" ni moja, ila vitu vyake si kimoja. Ndege nyembamba zenye njia moja katikati mara nyingi zina siti pana tu inayolala nyuma kidogo. Kwenye safari nyingi fupi za ndani ya Ulaya ni siti ileile ya kawaida, isipokuwa ile ya katikati imeachwa wazi. Kitanda cha kweli, kinachonyooka, utakipata hasa kwenye ndege pana za masafa marefu, na hata hizo zinatofautiana. Tazama ramani ya siti kabla ya kulipa. Ukikuta daraja la kati, lile la siti pana na nafasi ya magoti, jua kwamba halinyooki kuwa kitanda. Linafaa safari ndefu ya mchana, usilinunue kwa bei ya usingizi.

Sasa hesabu. Watu wengi hugawa bei ya tiketi kwa maili wanazodaiwa, wakiona daraja la biashara linatoa senti nyingi kwa kila maili wanasema, "Hapa ndipo penye faida." Nitatumia namba za mfano. Tuseme tiketi ya kawaida Dar–Guangzhou kwenda na kurudi ni dola 900. Kwa maili ni 50,000 na kodi dola 200. Toa kodi kwenye bei, unabaki na dola 700; gawa kwa 50,000, kila maili imekupa senti 1.4. Daraja la biashara tuseme ni dola 3,200, au maili 110,000 na kodi dola 250. Hapo kila maili inaonekana kukupa senti 2.7 hivi. Karibu mara mbili! Lakini jiulize kwa ukweli: bila maili, wewe ungetoa dola 3,200 mfukoni? Mimi nisingetoa. Labda, kwa kujikaza sana, 1,500. Basi bei yangu ni 1,500. Toa 250, gawa kwa 110,000, unapata senti 1.1. Faida iliyokuwa inang'aa imeyeyuka, na daraja la kawaida ndilo limeshinda.

Hesabu ninayoiamini zaidi ni nyingine, ya kitanda chenyewe. Mashirika mengi yanakuruhusu kukata tiketi ya maili ya njia moja. Kwenye mfano wetu, njia moja daraja la kawaida ni maili 25,000, daraja la biashara 55,000. Tofauti ni 30,000. Kwa senti 1.4 kila moja, hizo ni dola 420. Ongeza tofauti ya kodi dola 25, kitanda cha usiku mmoja kinakugharimu dola 445. Swali sasa ni jepesi kulielewa hata kama jibu ni gumu: usiku huu, kwa kazi inayonisubiri kesho, ningelipa dola 445 ili nilale?

Jibu langu kwenda Guangzhou ni ndiyo. Saa za China ziko mbele ya zetu kwa saa tano. Mwili wako unapohesabu saa nane usiku, pale Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye wafanyabiashara wengi wa Kiafrika, tayari ni saa moja asubuhi. Ukifika hujalala, unanunua vibaya. Niliwahi kupokea sufuria ambazo mifuniko yake haikukaa, na bado nakumbuka nilivyozikagua siku ile: macho yananiuma, nikaisema sampuli "sawa" ili nirudi hoteli. Kurudi ni hadithi nyingine. Nikifika Mwanza nalala kwangu Kirumba, duka lina msaidizi, hakuna anayenidai akili yangu asubuhi hiyo. Kwa hiyo naenda na kitanda, narudi na siti.

Kama mzigo wako unaubeba mwenyewe kwenye mabegi badala ya kuutuma kwa meli, huenda hesabu yako ikageuka. Mashirika kadhaa yanayotoka Afrika humpa abiria wa kawaida mabegi mawili ya kilo 23, na wa biashara mawili ya kilo 32. Hiyo ni tofauti ya kilo 18. Uliza gharama ya kilo za ziada za njia yako, uitoe kwenye ile bei ya kitanda, ndipo uamue. Mwenzangu mmoja anayeuza nguo za watoto anarudi daraja la biashara kwa sababu hiyo tu, na kwenda anakaa siti ya kawaida. Yuko sahihi kwa biashara yake.

Na mwaka ambao mtaji umebana, sahau kitanda kabisa. Maili 50,000 zikichukua nafasi ya tiketi, zile dola 700 zinaingia kwenye mzigo. Nimefanya hivyo mara mbili na sijutii.

Safari ya mama ndiyo ilinisumbua zaidi kuamua. Ana magoti mabovu na presha. Kwenye safari inayozidi saa nne madaktari wanashauri mtu anyanyuke, atembee, anyooshe miguu, kwa sababu damu inaweza kuganda miguuni. Na mama akikaa siti ya kawaida, kunyanyuka kwake ni kazi ya watu wawili. Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa nimkatie yeye daraja la biashara, mimi nikae nyuma. Nasihi usifanye hivyo kwa mzee ambaye hajui Kiingereza. Pazia likishafungwa si kila mhudumu atakuruhusu uende kumtazama, naye hataweza kusema kwamba anataka maji ya kumezea dawa. Tuliunganisha maili zangu na za mdogo wangu kwenye akaunti ya familia (mashirika kadhaa yanaruhusu, ulizia kwako), zikatosha watu wawili daraja la biashara kwa kwenda, ambako kipande kirefu kilikuwa cha usiku.

Mhudumu alipokilaza kile kiti na kutandika shuka, mama alisimama pembeni ameshika khanga yake, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hapa wanalala wangapi?" Nikamwambia yeye peke yake. Akapanda, akavuta khanga hadi kidevuni juu ya blanketi lao, akalala mpaka tulipoanza kushuka. Birmingham alitembea mwenyewe hadi kwenye gari. Vifundo vya miguu vilikuwa vyake vya kila siku.

Kurudi tulikaa daraja la kawaida, na sababu mojawapo ilikuwa kodi. Uingereza inamtoza abiria anayeondoka nchini humo kwa ndege, na wa daraja la juu anatozwa zaidi ya mara mbili ya wa kawaida. Maili hazifuti kodi hiyo, unailipa taslimu. Watoto walio chini ya miaka 16 wakikaa daraja la kawaida hawatozwi, kwa hiyo mwenye familia aone mapema pengo hilo lilivyo pana. Mama nilimkatia siti ya pembeni mwa njia, safari ilikuwa ya mchana, tukawa tunatembea wote hadi mkiani mwa ndege kila baada ya muda.

Kupandishwa daraja kwa maili baada ya kununua tiketi ni njia nyingine, ila tiketi za bei ya chini kabisa mara nyingi haziruhusiwi. Kabla hujalipa mwulize wakala: tiketi hii inapandishika, na siti ipo leo au naingia orodha ya kusubiri? Orodha ya kusubiri si siti.

Siti zenyewe ni chache. Dreamliner ya Air Tanzania, kwa mfano, ina siti 262 na za biashara ni 22 tu, na shirika lolote litawauzia kwanza wenye fedha. Tafuta mapema sana, miezi kumi au kumi na moja kabla, au subiri siku za mwisho kama ratiba yako inayumba. Epuka majuma ya Maonyesho ya Canton, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yanayoanza katikati ya Aprili na tena katikati ya Oktoba. Hapo hata siti ya kawaida kwa maili ni ya kubahatisha. Angalia pia tarehe ya maili zako kufa. Zinazokaribia kufa zina thamani ndogo kuliko hesabu yangu ya senti 1.4, na hapo kuzilalia kitandani si kosa.

Jambo moja la sisi wa Mwanza: tiketi ya maili ikianzia Dar na ya Mwanza umeinunua peke yake, ndege ya huku ikichelewa, shirika la kule halina deni kwako wala halitakusubiri. Unachukua mabegi Dar, unahamia Jengo la Tatu la abiria, unaanza upya. Mimi naondoka Mwanza siku moja kabla, nalala kwa shangazi Tabata.

Sasa nina maili 83,000. Nataka kwenda mwishoni mwa Novemba, baada ya maonyesho kuisha: 55,000 za kitanda kwenda, 25,000 za siti kurudi, zinabaki 3,000. Kila jioni nikishafunga duka nafungua programu, naangalia tarehe tatu. Jana ya tarehe 24 ilikuwa wazi kwenye kipande cha mchana na imefungwa kwenye cha usiku, kwa hiyo sikuigusa.